Miwani ya VR, tivi, kliniki au kutembea mtaani: mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu afanye mazoezi yapi?

Ndugu yangu aliye Doha alipiga simu usiku mmoja wa Julai, baridi ya Nairobi imekaza, akasema amepata miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya kubuni, kwa bei nafuu na anataka kumtumia Mama. "Atafanya mazoezi ndani ya nyumba, hata baridi haitamgusa." Mama alikuwa kitandani ameegemea mito mitatu, anahema kama aliyetoka kupanda ngazi, na siku hiyo hakuwa amepanda chochote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaninong'oneza: "Mwambie anitumie pesa ya gesi."

Tulibishana kwenye kundi la familia la WhatsApp kwa muda wa wiki mbili. Mmoja anataka miwani, mwingine anataka kliniki, dada yetu mkubwa anasema Mama apumzike tu kwa sababu amechoka. Nimekusanya hapa niliyojifunza katika ubishi ule, maana najua si nyumba yetu tu yenye mzee wa namna hii.

Mama ana miaka 71. Amekaanga mahamri Majengo, Pumwani, kwa zaidi ya miaka thelathini, jiko la makaa likiwa mlangoni, na mvua ikinyesha jiko linaingizwa ndani. Hajawahi kuvuta sigara. Miaka yote tulisema ana pumu, naye mwenyewe husema "kifua" basi. Alipopulizishwa kipimo cha spairometa ndipo tukaambiwa ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mirija midogo ya mapafu imekuwa myembamba na vifuko vya hewa vimelegea, kwa hiyo hewa huingia lakini hutoka kwa taabu. Tumbaku ndiyo husingiziwa kwanza, na kwa haki, lakini moshi wa kuni na makaa, vumbi la kazini na kifua kikuu cha zamani nacho humfikisha mtu pale pale.

Mazoezi hayaponyi mapafu hayo. Mtu akikuuzia kifaa kwa ahadi hiyo, funga mkoba wako. Yanachofanya ni kuvunja mzunguko fulani mbaya: mzee anahema, kwa hiyo anaacha kutembea, akiacha, misuli ya mapaja inanyauka, ikinyauka, inadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, na mwisho hata kwenda chooni kunamtoa jasho. Misuli ikipata nguvu tena, pumzi ile ile kidogo humfikisha mbali zaidi. Mapitio ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822, na waliofuata programu ya mazoezi ya mapafu waliwazidi wenzao kwa wastani wa mita 44 hivi katika mwendo wa dakika sita. Kiasi cha mita 30 huhesabiwa kuwa tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi. Ushahidi ulikuwa mzito hata waandishi wakasema hakuna haja tena ya majaribio ya kulinganisha mazoezi hayo na matibabu ya kawaida peke yake. Kwa hiyo hoja ya dada yetu mkubwa, kwamba Mama apumzike, ilikufa siku hiyo. Njia zilizobaki ni nne: darasa la kliniki, kutembea nyumbani na mtaani kwa mpango, mazoezi mbele ya tivi, na miwani.

Hiyo VR ni ipi hasa?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika bila mtu kuwadanganya. Ukisoma kwamba uhalisia pepe umewasaidia wagonjwa wa mapafu, unapiga picha ya bibi aliyevaa miwani mikubwa nyeusi. Mara nyingi si hivyo. Jaribio linalotajwa sana, lililofanywa Poland na kuchapishwa mwaka 2020, lilikuwa na wagonjwa 106 waliolazwa katika programu ya wiki mbili, na kifaa kilikuwa Kinect: kamera inayowekwa chini ya tivi, inausoma mwili wako, nawe unajiona kwenye skrini ukiruka, ukikwepa, ukikanyaga. Hakuna kilichofungwa kichwani. Waliocheza hivyo hawakuachwa nyuma na wale wa baiskeli ya mazoezi, na katika baadhi ya vipimo waliwapita. Ila angalia walikuwa wapi: ndani ya hospitali, wahudumu wako pembeni.

Miwani yenyewe nayo imejaribiwa na watafiti wa huko huko Poland, kwa wagonjwa 50, matokeo yakatoka 2021. Lakini haikutumiwa kumtoa mtu jasho. Wagonjwa walikuwa na mazoezi yao ya kawaida, na miwani ikatumiwa kuwatuliza, wakitazama bustani huku wakisikiliza sauti ya upole. Msongo na huzuni vilipungua. Uingereza walijaribu kuipeleka nyumbani kama mwalimu wa mazoezi kwa wiki nane. Wagonjwa waliifurahia, ila walikuwa 10 tu. Kumi ni watu wa matatu moja, na haijajaa.

Kwa maneno mengine, tivi yenye kamera ina ushahidi wa wastani kama mazoezi, miwani ina ushahidi mzuri zaidi kama kitulizo kuliko kama mazoezi, na kliniki na kutembea vina ushahidi wa kujaza kabati. Ndugu yangu hakufurahi nilipomwandikia hivyo.

Miguu dhidi ya mikono

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: mzee akimaliza, ni kiungo gani kimechoka?

Mama huhema akianika nguo kambani kuliko akitembea kwenda dukani. Zamani nilidhani ni visingizio vya utu uzima. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alinieleza kwamba mgonjwa wa mapafu huazima misuli ya shingo na mabega ili imsaidie kuvuta pumzi. Akiinua mikono juu ya kichwa, misuli ile imeitwa kazi nyingine, na pumzi inabaki bila msaidizi. Sasa fikiria michezo mingi ya miwani inavyochezwa: umeshika vidhibiti viwili, unakata, unapiga, unadaka, mikono iko hewani kwa dakika nzima, miguu imesimama palepale kama ya askari wa lango. Mchezo kama Beat Saber humtoa kijana jasho zuri. Mama ungemmaliza kwa wimbo mmoja, na mapaja yake, ambayo ndiyo yanayohitaji kazi, yangebaki vilevile.

Kutembea hakuna tatizo hilo. Wala kuinuka na kuketi kwenye kiti, zoezi ambalo halina jina la kupendeza lakini linajenga paja kuliko mashine nyingi. Kliniki huanzia hapo hapo: kutembea au baiskeli isiyokwenda popote, kuinuka na kuketi, kupanda kidato kimoja na kushuka, kisha mikono kwa kiasi, uzito mdogo, mara nyingi chini ya usawa wa bega. Nyumbani chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia. Pakiti ya unga ya kilo mbili mwachie ya kupikia ugali.

Tivi iko katikati. Kinect na michezo ya aina yake humlazimisha mtu kukanyaga na kuchuchumaa kidogo. Mchezo wa Ring Fit Adventure wa Nintendo, uliotoka 2019, una mkanda unaofungwa pajani, na mchezo hauendi mbele mpaka ukimbie au utembee papo hapo. Kwa upande wa miguu ni kifaa kizuri kuliko miwani, ingawa hadithi yake ya majoka inamlenga kijana na kasi yake lazima ipunguzwe. Halafu kuna tivi ya kawaida kabisa: video ya mazoezi ya wazee ya kukaa na kusimama, iliyopakuliwa kwenye simu na kuunganishwa. Haimsomi mzee wala kumpa alama. Bei yake ni bando.

Nani anamtazama akihema

Kuhema kwenyewe si hatari, na hili huchukua muda kulimeza. Bila kuhema kiasi, zoezi halijafanya kazi. Kliniki hutumia kipimo cha Borg, sifuri hadi kumi, na humtaka mgonjwa afike tatu au nne: anahema waziwazi, anaweza kukujibu kwa sentensi fupi, lakini hawezi kuimba. Akishindwa hata kumaliza jina lako, amepita.

Tatizo la miwani linatoka katika uzuri wake. Inamsahaulisha mzee kwamba anahema. Kwa mtu anayeogopa pumzi yake mwenyewe hiyo ni baraka, maana wengi huacha mazoezi kwa woga kabla misuli haijachoka. Lakini woga ule ule ndio breki. Ukiuondoa, mtu mwingine lazima ashike breki, naye asiwe mjukuu anayechati.

Breki hiyo ina kidude chake, kile cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Kisome kwa akili ya Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Mtu mzima mwenye afya akisoma asilimia 95 hapa hajaugua. Mzee wa mapafu huanzia chini ya hapo na hushuka haraka akitembea. Kliniki nyingi hutumia namba kama 88 kuwa mahali pa kusimama, ila muulize daktari namba ya mzee wako, kwa sababu ya wengine hupangwa tofauti. Pia kidude hiki kimeonekana kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 90 ya Mama inaweza kuwa chini ya 90. Kidole chenye piko au rangi ya kucha kinaweza kukichanganya zaidi. Mama alikuja kliniki baada ya harusi, vidole kumi vyote vimepambwa, fizio akaishia kutafuta ncha ya sikio.

Na macho yako bado yana kazi. Midomo na ulimi kuwa na rangi ya majivu au samawati, jasho baridi, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuongea mambo yasiyoeleweka: acha pale pale, mkalishe akiinama mbele, mikono juu ya magoti, na kama hatulii pelekeni hospitali. Miwani hufunika nusu ya uso unaotakiwa kuutazama, naye aliyeivaa haoni kidude kinasema nini.

Katika hili kliniki haina mpinzani. Kabla hujaanza wanapima mwendo wa dakika sita, wanasikiliza moyo, wanaangalia kama dawa ya kuvuta inatumiwa sawasawa (Mama alikuwa akiipuliza nusu hewani), wanaulizia mshtuko wa moyo wa karibuni. Kikohozi kilichopita wiki mbili hupimwa kifua kikuu kabla mtu hajawekwa chumba kimoja na wenzake, na kwa sababu hiyo hiyo, pamoja na jasho, miwani ya kuazimana mtaani siipendi hata kidogo.

Pale pia alifundishwa kupumua kwa midomo iliyobanwa: ingiza kwa pua, toa polepole kama anayepoza chai, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuingiza. Hewa iliyonaswa hupata nafasi ya kutoka. Mama alicheka, akasema ameshapuliza jiko miaka thelathini, kumbe alihitaji tu kupuliza polepole.

Darasa lenyewe, na safari ya kulifikia

Sasa nilalamike kidogo. Programu kamili ya mazoezi ya mapafu ni mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nane hivi. Nairobi madarasa ya namna hiyo ni machache, na kwingi utapata fizio wa mmoja mmoja kwa miadi. Pale tulipoanzia, hospitali ambayo sitaitaja, tulipewa saa tatu asubuhi na tukaingia saa sita na nusu. Kutoka Majengo ni matatu, kisha kutembea, kisha ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imeandikwa "haifanyi kazi" kwa kalamu iliyofifia, ikimaanisha tangazo ni la zamani. Mama alifika darasani akiwa ameshafanya mazoezi ya siku mbili. Mara ya nne hakwenda.

Si yeye peke yake. Australia walilinganisha kliniki na nyumbani kwa wagonjwa 166 na kuchapisha mwaka 2017. Wa nyumbani walitembelewa na fizio mara moja tu, kisha wakapigiwa simu mara moja kwa wiki kwa wiki saba. Hawakupewa mashine. Mwisho wa wiki nane mwendo wao haukuwa duni kuliko wa wenzao wa kliniki, na waliomaliza programu nyumbani walikuwa asilimia 91, huku kliniki wakimaliza asilimia 49. Jaribio hili liligeuza mawazo yangu kuliko lolote la VR. Mtu mmoja kuja mara moja, na simu saba. Hiyo tunaiweza hata sisi.

Ila Australia hakuna Barabara ya Jogoo saa moja asubuhi. Kutembea Nairobi kuna masharti yake. Epuka saa za msongamano, moshi wa matatu ukiwa chini na baridi ikibana kifua. Mama hutembea saa nne, jua likishapasha, au saa kumi jioni kabla magari hayajarudi. Juni hadi Agosti anafunga leso mdomoni na puani, hewa ipate joto kidogo. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza vichochoro kuwa utelezi, siku hizo hutembea ukumbini. Mwenye nauli na mtu wa kumsindikiza, bustani ya miti ya Arboretum ina njia za kivuli na viti, na msitu wa Karura ni hewa nyingine kabisa ingawa kuna kiingilio na baadhi ya miteremko ni ya vijana. Sisi tulipima kichochoro chetu kwa kamba: hatua arobaini kutoka mlangoni hadi kibanda cha mboga. Mwenye kibanda amemwekea kigoda. Anatembea dakika mbili, anakaa moja, anatembea tena, mpaka dakika za kutembea zifike ishirini. Siku tano kwa wiki, akijisikia vibaya tatu.

Chumba, stima, pesa

Hapa miwani huanguka kwa wengi wetu bila hata kufika kwenye sayansi. Meta, wanaotengeneza miwani ya Quest, hushauri nafasi wazi ya mita mbili kwa mbili mtu akicheza akizunguka. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina mita tatu kila upande, na ndani yake kuna kitanda, kochi, meza, ndoo za maji na mtungi wa gesi. Ondoa hivyo, mzee atabaki na nafasi ya kuswalia. Akicheza akiwa ameketi inawezekana, na kwake ndiyo salama zaidi, lakini sasa miguu imerudi likizo.

Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo ni karibu shilingi 38,700 kabla ya usafiri na kodi. Inataka waifai, simu ya kuiwezesha na akaunti, inadumu saa mbili tatu kabla ya chaji, na michezo mingi huongea Kiingereza. Ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, mwingi uko mbele ya uso, na shingo ya mgonjwa wa mapafu, kama tulivyoona, tayari ina kibarua. Mwenye mtoto wa jicho haoni vizuri ndani yake. Mwenye kifafa aiepuke mpaka daktari aseme, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa pia, kwa kuwa vifaa hivi vina sumaku. Anayetumia oksijeni ya mrija ana kamba ya kujikwaa ambayo haioni. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, kwa hiyo kuanguka kwa mgonjwa huyu si jambo la kuinuka na kucheka.

Tuliazima moja Jumamosi moja, ya rafiki wa mwanangu. Mama alikaa kochini, akaona samaki wanampita, akafurahi kweli, akamshika mmoja. Halafu akataka kuinuka amfuate. Mwanangu alimdaka kiunoni, na kichefuchefu kilimkaa mpaka magharibi.

Tivi ya kamera ina bei yake tofauti. Kinect iliacha kutengenezwa 2017, kwa hiyo utakayoipata ni mtumba, na mtumba wa elektroniki jaribu kabla ya kulipa, kamera iwake na ikuone mwili mzima. Inataka nafasi ya mbele ya tivi pia, ila mzee anaona chumba chake, anaona kiti, anakuona wewe. Stima ikipotea, tivi na miwani vyote vinangoja tokeni. Kichochoro hakingoji.

Wiki ya sita

Kitu kipya hufurahisha wiki mbili. Sijui nyumba ambayo haina baiskeli ya mazoezi inayoanikiwa nguo. Hapa ndipo ninapoipa michezo haki yake: mzee anayechukia kutembea ovyo, anayesema "naenda wapi?", anaweza kukanyaga dakika kumi na tano mbele ya tivi kwa sababu anataka kumshinda mjukuu. Ushindani wa bibi na mjukuu ni dawa, na kwa vyovyote mjukuu yupo chumbani anamtazama. Kutembea kunahitaji sababu yake. Mama ana kigoda cha kibanda cha mboga na umbea unaomngoja pale. Angekuwa mtu wa kimya, sidhani ningefanikiwa.

Kwa hiyo ningechagua hivi. Mzee ambaye hajawahi kupimwa, aliyetoka kulazwa karibuni, mwenye oksijeni inayoshuka chini akitembea, au mwenye moyo mbovu pia: kliniki, hata kama safari inaudhi, angalau kwa vipimo na wiki za mwanzo. Aliyelazwa kwa kifua kuzidi asikae miezi akingoja kupona kabisa. Programu hushauriwa ianze ndani ya wiki nne hivi baada ya kutoka hospitalini. Mzee aliyetulia, anayetembea ingawa polepole: fizio aje mara moja, kisha kutembea kwa mpango na simu ya kila wiki. Wengi wako kundi hili, na hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Mwenye mtaa usiotembeleka, wa barabara kuu au wa matope, na ana tivi na nafasi: video au mchezo wa kamera, ukiwa na kiti imara mgongoni. Miwani ningemwekea mmoja tu, yule ambaye woga wa pumzi unamfungia kitandani au huzuni imemkalia, na aivae akiwa ameketi, dakika tano hadi kumi, vitu vinavyotembea taratibu, kama maandalizi ya mazoezi na si mazoezi yenyewe.

Lolote utakalochagua, siku ambayo makohozi yamebadilika rangi, homa imepanda au pumzi imekuwa fupi kuliko kawaida yake, hakuna mazoezi, kuna daktari. Kama ameambiwa apulize dawa ya kufungua kifua kabla ya zoezi, apulize robo saa kabla. Na jiko la makaa litoke ndani ya nyumba. Huwezi kumtembeza mtu asubuhi na kumfukizia jioni.

Ndugu yangu hatimaye alituma pesa, si miwani. Mtungi wa gesi na meko vilichukua sehemu, fizio aliyekuja nyumbani akachukua nyingine, na yeye mwenyewe amepewa kazi ya simu: kila Ijumaa baada ya swala anampigia Mama na kuuliza dakika ngapi, Borg ngapi, amekaa kigodani mara ngapi. Mama humjibu kwa namba kamili, kisha humwuliza kama ile miwani yenye samaki bado ipo.